Kilio Kilichopewa Jina

Mashine ilisema kuna mtoto analia ndani ya nyumba ambayo Nasimiyu mwenyewe alikuwa ameifunga kwa kufuli.

Aliyasoma maneno hayo kwenye kioo cha kompyuta, akayasoma tena. "Mtoto analia." Jumanne, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo mumewe, Zedekiah, alikuwa huko Karen akijenga ukuta wa mawe. Binti yao Nakhumicha, wa miezi minane, alikuwa kwa Mama Ivyne, jirani aliyewalea watoto wa mtaa mzima huku akina mama wakienda kazini. Naye Nasimiyu alikuwa hapa hapa Kilimani, ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, hedifoni masikioni. Nyumbani Mutuini hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kinasa sauti tu, kidogo kama kiberiti, juu ya kabati la vyombo.

Kazi yao ilikuwa kuifundisha kompyuta kusikia. Watu walinasa sauti za majumbani mwao, sauti hizo zikakatwa vipande vya sekunde kumi kumi, na Nasimiyu na wenzake walikaa kutwa wakisikiliza na kuandika kila kipande ni sauti ya nini. Sufuria inaanguka. Mtu anabisha hodi. Chai inafurika. Mbwa anabweka. Kompyuta ililishwa majina hayo maelfu kwa maelfu hadi ikaanza kuzijua sauti yenyewe. Mwisho wa yote, bosi wao Mbithi aliwaambia, itawekwa kwenye simu za wazazi wasiosikia, ili mtoto akilia chumba cha pili, simu itetemeke mfukoni mwa mama yake.

Nasimiyu aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na haya tangu utotoni. Darasani alilijua jibu na bado hakunyanyua mkono. Hapa hakuna aliyetaka aseme neno. Walitaka masikio yake.

Hata kimya kilikuwa na jina. Mashine isipofundishwa kimya, Mbithi alieleza, itasikia mambo mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo kila mfanyakazi alipewa kinasa sauti akiache nyumbani kutwa, nyumba ikiwa tupu. Nasimiyu alikuwa ametarajia kuandika "kimya, kimya, kimya" hadi saa ya chakula.

Akakibonyeza kipande kile.

Alisikia upepo kwenye mabati. Kisha, mbali, kama nyuma ya ukuta, akasikia mtoto. Kilikuwa kilio kichanga sana, cha siku za kwanza, kikavu, chenye kukatika katikati na kuanza upya. Alikisikiliza mara tatu. Mara ya nne akahisi blauzi imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yameshuka yenyewe, kama yanavyoshuka mama anapomsikia mwanawe.

"Kanini," akanong'ona. "Kuja usikie hii."

Kanini alikaa meza ya pili. Alikuwa mtu wa Kitui, mwenye mdomo usiotulia. "Nini sasa? Panya wako na harusi kwako?" Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho. "Mimi nasikia mabati."

"Mtoto humsikii?"

"Mtoto ni huyo amekulowesha blauzi, mamaa. Enda ujipanguze kabla Mbithi aone."

Sheria ya kazi ilitaka kila kipande kipewe jina moja na watu wawili. Wasipokubaliana, kinarudi kwao. Kanini aliandika "kimya". Nasimiyu aliandika "mtoto analia". Kipande kikarudi. Kufikia Alhamisi kilikuwa kimerudi mara tano, na kila mara mashine ilikuwa upande wa Nasimiyu. Kibaya zaidi ni kwamba kinasa sauti kiliendelea kunasa, na kila siku kilio kilisogea. Jumatano kilikuwa mlangoni. Alhamisi kilikuwa karibu kabisa, kana kwamba mtu alikuwa amemlaza mtoto juu ya kabati, kando ya kinasa sauti chenyewe, na kati ya kilio na kilio Nasimiyu aliisikia pumzi ikivutwa.

Jioni alipanda kiti akapangusa kabati lote. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na harufu tu, ya maziwa yaliyochacha, na alinusa chupa zote za mtoto asijue inatoka wapi.

Kwao Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, mwanamke mzee wa ukoo humwitia majina ya waliokufa, moja moja. Likitajwa jina la yule anayetaka kukumbukwa, mtoto hunyamaza, na jina hilo ndilo lake. Nakhumicha alipata lake hivyo hivyo. Alizaliwa hapa Nairobi, akalia siku mbili, mama mkwe akapigiwa simu huko Bungoma, simu ikalazwa juu ya blanketi ikiwa na sauti ya juu. Mama mkwe aliwataja wafu wa ukoo wao kama mtu anayeita watu waje kula. Alipofika kwa Nakhumicha, nyanya yake Zedekiah, mtoto alinyamaza papo hapo, na Zedekiah akacheka mpaka akafuta machozi.

Nasimiyu aliyakumbuka hayo yote Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipoteremka kununua githeri. Alichukua hedifoni akaingia kile chumba kidogo cha ndani, ambacho kuta zake zilikuwa zimefunikwa sponji nyeusi ili sauti isirudi. Akafunga mlango. Hakwenda kufanya ubaya. Alikuwa mama, na kwa siku nne alikuwa amemwacha mtoto wa mtu akilia.

Akakianzisha kile kipande na kukiweka kijirudie, na kilio kikamjaa masikioni. Kwa sauti ndogo iliyomezwa na sponji mara tu ilipomtoka, akaanza kuita, akiwaita kwanza wa kwao, babu aliyekufa maji na shangazi aliyekufa akijifungua, kisha wa kwao Zedekiah kama alivyomsikia mama mkwe akiwaita, na kwa kila jina kilio kilizidi kuwa kikali, kikimkataa huyu na kumkataa yule, maziwa yakimtiririka hadi tumboni na harufu ile ya kuchacha ikijaa chumba kisicho na dirisha, mpaka majina yakamwishia yote, na katika kuchoka, bila kufikiri, akakibembeleza kwa jina alilozoea kubembelezea kila siku ya Mungu.

"Nyamaza, Nakhumicha. Nyamaza, mama."

Kikanyamaza.

Alisubiri kipande kijirudie. Kilijirudia, na ndani yake mlikuwa na upepo wa mabati tu. Alipotoka, maneno ya mashine yalikuwa yamebadilika. "Kimya." Kanini alirudi akamkuta akitabasamu peke yake.

"Umeona nini?"

"Sisi wawili tumekubaliana," alisema Nasimiyu, na jioni hiyo alishuka kwenye bodaboda kule Mutuini akiwa mwepesi.

Mama Ivyne alimpokea mlangoni na mtoto mkononi. "Leo huyu wako amekuwa malaika. Tangu mchana hajalia hata kidogo."

Nakhumicha alimwona mamaye. Uso ukamkunjika, mdomo ukafunguka hadi meno yake mawili yakaonekana, machozi yakamtoka, mashavu yakawa mekundu. Hakutoa sauti. Alilia hivyo njia yote hadi nyumbani, kifua kikipanda na kushuka mgongoni mwa mamaye, na Nasimiyu alisikia mchanga chini ya viatu vyake tu.

Daktari wa zahanati alimmulika kooni akasema koo ni zima. Wa hospitali kubwa alisema hivyo hivyo. "Labda mafua," Zedekiah alisema, na kila baada ya dakika chache aliamka kumwekea mtoto kiganja puani, kwa sababu mtoto asiyeweza kulia anaweza kupatwa na lolote huku mzazi wake yuko hapo hapo akisonga ugali.

Jumatatu, mashine ilikuwa imemsikia mtoto kila mahali. Katika rekodi za Kisumu, za Machakos, za nyumba ya mzee mmoja wa Nyeri aliyeishi na redio peke yake. "Mtoto analia. Mtoto analia." Kanini alivaa hedifoni, na safari hii hakutania. Aliivua taratibu.

"Nasi. Huyu nimemsikia."

"Analiaje?"

"Analia, halafu mwishoni anakwama, kama mtu amemeza maji vibaya." Kanini alimtazama. "Si hivyo ndivyo mtoto wako hufanya? Ile siku ulimleta hapa?"

Nasimiyu hakuhitaji kusikiliza. Blauzi ilikuwa imeshalowa.

Akamweleza Kanini kila kitu pale pale, kwa minong'ono, na Kanini hakumkatiza hata mara moja. "Hiyo ni jini," alisema mwishowe.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Kanini."

"Na mimi niko kwaya. Bado nakuambia ni jini. Umelipatia jina ya mtoto, limeichukua na sauti yake. Tafuta mtu mzima wa kwenu, na usingoje Jumapili."

Mbithi, alipoelezwa na Kanini, alichukizwa na mashine. Hakuamini mambo hayo, lakini alimhurumia Nasimiyu, akafuta rekodi zote za nyumba yake mbele ya macho yake. Kisha akaijaribu mashine tena, na mashine ikasema mtoto analia. Akakuna kichwa. "Rekodi zimeenda, Nasimiyu. Lakini ilikuwa imeshajifunza. Kile imejifunza siwezi kukitoa ndani."

Mtu mzima wa kwao aliyekuwa karibu ni Senge Nelima, yaani shangazi yake, dada ya babake, aliyeishi kwa mwanawe katika mtaa wa Woodley. Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi na bodaboda, akakataa chai, akamvua mtoto nguo zote akamtazama, akamvika tena. Kisha akataka kusikia. Nasimiyu alifungua rekodi moja ya Kisumu aliyokuwa ameihamishia kwenye simu. Kilio cha Nakhumicha kikajaa nyumba, na Nakhumicha mwenyewe, juu ya mkeka, akageuka kuitazama simu kama anayetazama kitu chake mkononi mwa mtu.

Zedekiah aliinama akaziba uso.

"Uliita mara ngapi?" Senge aliuliza.

"Mpaka majina yakaisha, senge."

"Na huyo uliyemwita ulimwona mdomo?"

"Sikumwona."

"Wewe umezeeka lini, Nasimiyu? Umefiwa na watu wangapi, hata uite? Jina halitupwi gizani hivyo. Mtoto huwekwa kwenye mapaja, unamwona anapumua, ndipo unaita." Hasira yake ilishuka ghafla, akamshika mkono. "Jini halina jina. Ndiyo maana linalia. Linalia mpaka limpate mwenye huruma. Hukutenda ubaya, mtoto wangu. Ulilihurumia."

"Lifukuze basi," alisema Zedekiah.

"Likishaitwa haliondoki likiwa tupu. Litaachilia jina la mtoto likipewa lingine. Ya wafu lilishayakataa, yote. Linataka la aliye hai."

Akanyunyiza unga wa wimbi kizingitini na juu ya kabati, akaufunga mlango, jua lote la asubuhi likabaki nje. Akasema maneno ya kwao, si mengi, kwa sauti ya mtu anayemwambia mgeni kwamba watu wa nyumba wanataka kupumzika. Nasimiyu alikuwa ameshaizima simu. Kilio hakikuzimika.

Kilitoka juu ya kabati, kikateremka ukutani taratibu kikipita nyuma ya picha ya harusi na nyuma ya pazia, na mahali kilipopita sahani ziligongana kidogo na harufu ya maziwa yaliyochacha ikawa nzito hata Zedekiah akatema mate, na unga wa wimbi juu ya kabati ukaanza kutobolewa vishimo vidogo vidogo, viwili viwili, kama vya magoti ya mtoto anayejifunza kutambaa, vikielekea ukingoni upande wa mkeka alipolala Nakhumicha.

"Chukua langu!" Zedekiah alipaza sauti. "Zedekiah! Sikia, Zedekiah!"

Vishimo vikaendelea.

"Halikujui wewe," Senge alinong'ona. "Linamjua aliyeliita."

Nasimiyu alisimama. Mwanamke ambaye hata sokoni alionyesha nyanya kwa kidole ili asiseme, aliujaza hewa mwili wake wote, na majirani wa upande wa pili walisema baadaye kwamba walidhani ni watu watatu.

"NASIMIYU!" alisema. "Jina lako ni Nasimiyu! Muache mtoto!"

Kabati likatulia. Harufu ikakatika, kama mlango uliofungwa. Kisha chini pale, juu ya mkeka, Nakhumicha akafungua mdomo akalia, kilio kikubwa, kibaya, chenye kamasi, na mwishoni akakwama kama aliyemeza maji vibaya, akaanza upya. Zedekiah alimbeba akacheka huku akilia. "Mama Nakhumicha, sikia! Sikia mtoto!"

Nasimiyu alimchukua. Akamweka begani, akafungua mdomo amwambie anyamaze.

Pumzi ndiyo iliyotoka peke yake.

Senge Nelima alimtazama, akaketi chini polepole, akaomba ile chai.

Watu huzoea. Zedekiah alizoea kumtazama usoni anapotaka jibu. Mama Ivyne alizoea kupewa karatasi: "Amekula. Ana homa kidogo." Kazini ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. "Mbithi atajua mwaka ujao," Kanini alimwambia. "Hata mbele hukuwa unaongea." Nasimiyu alicheka bila sauti, na Kanini akageukia dirisha. Mashine iliacha kumsikia mtoto wa Kisumu na wa Nyeri. Nakhumicha alilia kila alipotaka, na kila alipolia mamaye aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza kidogo kabla ya kumbeba.

Mwezi ulipopita, Mbithi alitaka sauti za nyumba zenye watu. Nasimiyu alichukua kinasa sauti. Alitaka jambo moja tu: kusoma kwa macho yake, kwa maandishi ya mashine, kwamba mtoto analia na mtoto huyo yuko kwao. Jumapili Zedekiah alienda kanisani. Yeye alibaki akikanda unga wa chapati, na Nakhumicha alitambaa hadi kwenye kabati, akaketi hapo asubuhi nzima akicheka na kubwabwaja, bila kumsumbua hata kidogo.

Jumatatu asubuhi alimwacha mtoto kwa Mama Ivyne, akafika kazini, akafungua orodha.

Mtoto anacheka. Unga unakandwa. Mtoto anasema mama. Mwanamke anaitika.

Aliteremsha macho. Mtoto anasema mama. Mwanamke anaitika. Mtoto anasema mama. Mwanamke anaimba. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi saa sita mchana. Alimvuta Kanini kwa mkono, akamvika hedifoni yeye mwenyewe, akamtazama usoni, akauona uso huo ukipoteza rangi.

"Ni sauti yako," Kanini alinong'ona. "Nasi, unaimba vizuri."

Nasimiyu aliandika kwenye karatasi, kalamu ikitoboa: INASEMA NINI?

Kanini alisikiliza. "Inamwambia... inamwambia leo ni ya kucheza. Kesho ndio itakuja kumchukua."

Nasimiyu alikuwa ameshaikamata simu. Ikaita mara moja, mara mbili, ikapokelewa, na nyuma yake akasikia kelele za watoto wengi, akamtafuta mmoja kati ya kelele hizo, akimtafuta kwa masikio yale yale yaliyofundisha mashine, asimpate.

"Halo!" ilikuwa sauti ya Mama Ivyne, yenye furaha. "Mama Nakhumicha! Umesahau nepi? Wacha nikwambie, nimefurahi sana sauti yako imerudi. Nilikuwa jikoni nikakusikia ukimwita mtoto pale mlangoni, nami nikasema, Mungu ni mwema. Na alivyokuja kwako mbio, huyo, kutambaa kama anaendeshwa na injini! Ulivyoondoka haraka hata sikukuona. Nyinyi wawili mko wapi sasa, mmeshafika nyumbani?"

Watoto wa watu walikuwa wakilia nyuma yake.

"Halo? Mama Nakhumicha? Mbona huongei?"